Wasifu wa kazini (sehemu ya simu iliyotengwa kwa kazi) kwenye simu yangu: uzoefu wa miezi minane

Picha za marehemu mama yangu zilikuwa kwenye simu tu, sikuwa na nakala kwingine. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi wakati ule, hapahapa Mwanza, iliniwekea barua pepe ya ofisi kwenye simu niliyoinunua kwa hela yangu. Ili ifunguke, ilibidi nikubali maelezo marefu yaliyoipa kampuni mamlaka ya msimamizi wa kifaa, yaani uwezo wa kuiamuru simu yote, hata kuifuta. Nikabonyeza kubali kama wenzangu wote. Siku mbili baada ya kuacha kazi, simu ilijizima, ikawaka tena ikiwa tupu kama imetoka dukani. Picha, kumbukumbu za kikoba, namba za watu, kila kitu. Nilipowapigia wakasema walikuwa wanaondoa barua pepe yao tu.

Ndiyo maana mwajiri wangu wa sasa alipotaka kila anayekwenda mialoni, kule samaki wanakoshushwa, awe na taarifa za ofisi kwenye simu yake, nilikataa kwanza. Na hoja yao naielewa vizuri. Ninanunua sangara. Bei tunayowapa mawakala wa visiwa vya Ukerewe na Kome inaweza kubadilika mara mbili kabla ya saa nne asubuhi, na mshindani akiijua mapema, mzigo unageuza njia kwenda kwake. Zamani bei hizo zilitumwa kwenye kundi la WhatsApp ambamo hata walioacha kazi mwaka uliopita walikuwa bado wamo. Kampuni ina haki ya kuziba tundu la namna hiyo.

"Dada, hii siyo ile iliyokuumiza," mtu wetu wa TEHAMA aliniambia, akakaa na mimi karibu saa nzima. Aliniwekea wasifu wa kazini (work profile), ambao upo kwenye Android tangu toleo la 5. Programu za ofisi zinakaa upande wao, kila moja na alama ndogo ya mkoba, na mwajiri anatawala upande huo. Picha zangu haoni. Meseji za M-Pesa haoni, wala programu nilizopakua mwenyewe. Kwenye simu nzima anaweza kudai niwe na namba ya siri ya kufungulia, na kujua mambo machache kama vile ni simu ya aina gani na inatumia toleo gani.

Sikumwamini kwa maneno. Nilinakili orodha ya bei kutoka barua pepe ya ofisi nikajaribu kuibandika kwenye WhatsApp yangu: ikagoma, kwa sababu kampuni imezuia. Nikajaribu kupiga picha ya skrini upande wa kazi, nayo ikagoma. Upande wangu kila kitu kilienda kama kawaida.

Jambo moja mlishike. Mkiambiwa mfute simu yote kwanza ndipo iunganishwe na kampuni, huo siyo wasifu wa kazini ninaouzungumzia. Hiyo ni njia ya kuikabidhi kampuni simu nzima, na inafaa kwa simu iliyonunuliwa na kampuni. Kwa simu yako, kataa.

Mwezi wa tano simu iliibwa Mwaloni Kirumba, kwenye msongamano wa kushusha dagaa. Niliazima simu, nikapiga ofisini, na kabla sijafika Igogo upande wa kazi ulikuwa umeshafutwa. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukifikiria: ukuta unaozuia kampuni kugusa vya kwangu unaizuia pia kunisaidia kuvifuta. Picha za watoto na ujumbe wa kliniki vilikuwa bado mikononi mwa mwizi. Ilibidi niingie kwenye akaunti yangu ya Google nifute mwenyewe. Safari hii picha zilikuwa zimeshahifadhiwa kwenye akaunti, zikarudi zote kwenye simu mpya.

Udhaifu upo. Simu ya ukubwa wa GB 32 inajaa haraka, kwa sababu programu iliyopo pande zote mbili inahifadhi taarifa zake mara mbili. WhatsApp ya upande wa kazi inataka laini yake. Bando linaloliwa na barua pepe za ofisi ni langu. Na ukitumia Wi-Fi ya ofisini, wanaoiendesha wanaweza kuona tovuti unazofungua hata upande wako, kwa hiyo mambo ya benki nafanya kwa bando.

Nilichopenda kuliko vyote ni kitufe cha kusitisha. Jumamosi jioni nazima programu za kazini, alama za mkoba zinafifia, na hakuna taarifa ya bei inayonifuata kanisani Jumapili. Jumatatu alfajiri naziwasha.

Ninaupa mpango huu nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia hadi kampuni iandike kwenye karatasi ni taarifa zipi inazikusanya na kwa kazi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mtu ajulishwe kusudi la taarifa zake kukusanywa, na maelezo ya mdomo ya kijana mwema wa TEHAMA hayatoshi, maana na yeye anaweza kuhama kesho. Barua ya kuomba hilo, pamoja na fidia ya bando, nimeipeleka utumishi wiki iliyopita. Wenzangu sita wameisaini.