Ndoo kumi na nne za kifusi kutoka ndani ya ukuta

Kwa miaka minne ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umelowa kutoka sakafuni hadi usawa wa goti. Rangi ilibanduka, chumvi nyeupe ikachanua juu ya lipu kama unga, na nyuma ya kabati ukungu ulijaa. Nilipaka rangi ya kuzuia unyevu, na mwaka haukuisha ukarudi. Kisha kampuni moja ikaniambia haya ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Wakatoboa ukuta, wakasukuma dawa ndani, wakalipwa. Mdogo wangu wa mwisho akaendelea kukohoa usiku.

Fundi aliyetusaidia hakugusa chochote kabla ya kuzunguka nyumba nzima. Akaniuliza kama ninajua kuwa ukuta ule kwa kweli ni kuta mbili, wa nje na wa ndani, zilizounganishwa kwa vyuma vyembamba na kuachwa uwazi wa milimita 50 hivi katikati. Sikujua. Ukuta wa nje hulowa mvua ikinyesha, na hilo si tatizo: maji yakipenya hushuka ndani ya uwazi bila kuufikia wa ndani. Shida huanza pale waashi wanapoacha udongo wa saruji na vipande vya tofali vianguke humo wakati wa kujenga. Vikirundikana kupita karatasi ya kuzuia unyevu inayolazwa ndani ya ukuta karibu na chini, ambayo mafundi huiita DPC, maji hupata daraja la kuvukia, hata karatasi yenyewe ikiwa nzima kabisa.

Alitoboa tundu dogo kwenye kiungo cha matofali, akaingiza kamera nyembamba yenye taa, akanipa kioo chake nitazame mwenyewe. Kifusi kilikuwa kimepanda karibu tofali mbili juu ya DPC.

Kazi ilichukua siku tatu. Alitoa tofali moja moja upande wa nje, mstari wa chini, akiacha kama mita moja kati ya tundu na tundu ili ukuta usipoteze nguvu. Akavuta uchafu kwa nondo iliyopindwa ncha, kisha mashine ya kunyonya vumbi ikamalizia. Nilihesabu ndoo kumi na nne. Nililichukua donge moja la saruji lililokuwa kavu kwa nje, nikalipasua kwa nyundo: ndani lilikuwa jeusi, la baridi, linatoa maji kidoleni. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili. Hapo ndipo nilipoelewa watoto wangu walikuwa wanalala kando ya nini.

Aliendelea kuchimba hata chini ya DPC, kiasi cha milimita 150, ili uchafu mdogo utakaoanguka baadaye upate pa kukaa. Usimkubalie fundi anayeishia usawa wa karatasi. Na kama uwazi wako umejazwa vifaa vya kuzuia baridi, hiyo ni kazi nyingine kabisa, mwambie mapema.

Malalamiko ninayo mawili. Matofali yaliyorudishwa yanaonekana, kwa sababu saruji mpya haikulingana rangi na ya zamani. La pili ni zito zaidi: baada ya mvua ya kwanza lilitokea doa la ukubwa wa sahani usawa wa kifua. Donge lilikuwa limeng'ang'ania kwenye chuma kimoja cha kuunganisha kuta, na kamera haikupitishwa huko juu. Alirudi, akafungua tofali moja, akalitoa bila kudai malipo. Lakini alipaswa kuliona mapema.

Ndani, tulibandua lipu yote ya zamani hadi usawa wa mita moja. Chumvi iliyobaki humo huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo ukiiacha utaendelea kuona madoa hata ukuta ukishakauka. Kukauka nako kunataka subira. Kipimo cha mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta, nasi tulisubiri miezi mitano na matofali yakiwa wazi ndipo tukapiga lipu mpya. Mke wangu alichoka kuyatazama, nami pia.

Msimu mzima wa mvua umepita na ukuta ni mkavu. Kitanda cha mdogo kimerudi pale pale. Picha za kamera, za kabla na za baada, ninazo zote. Nawe zidai za pande zote, juu na chini, kabla hujamaliza kulipa.