Libya na Sudan: maelezo mawili ya vurugu baada ya utawala kuanguka
Kwenye kijiwe cha kahawa pale Mwanjelwa, Mbeya, wachambuzi wa redioni hutugawa pande mbili. Wa kwanza husema Libya iliharibiwa na mabomu ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ya mwaka 2011, kwa kuwa waliosaidia kumng'oa mtawala wake, Muammar Gaddafi, hawakujali nani angekusanya silaha. Wa pili huulaumu utawala wenyewe, ambao kwa miaka 42 haukuruhusu vyama wala kujenga jeshi lenye utii kwa taifa. Hoja ya kwanza ina uzito, ila inakwama Sudan: Rais Omar al-Bashir aliangushwa mwaka 2019 bila ndege za NATO, na bado jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF, alichokilea mwenyewe, viliingia vitani Aprili 2023. Naelemea upande wa pili, ingawa mzee anayetumiminia kahawa hakubali. Yeye huuliza tu risasi zinatoka wapi.