Kukodi gari la viti 14 kutoka Mombasa hadi Malindi: uzoefu wangu

Nianze na maksi, maana najua wengine hamfiki chini: dereva tano kwa tano, gari tatu, ofisi iliyotukodisha mbili. Jina la kampuni naliacha, tulishamalizana nao.

Tulikuwa watu kumi na watatu, wazee kwa watoto, tunakwenda Malindi siku tatu. Ukoo wa mama haukuwa umekaa kitako pamoja tangu mazishi ya babu, na bibi alishasema amechoka kuonana na watu wake matangani tu. Jamaa wa Lamu wangepanda basi Mokowe. Sisi wa Mombasa basi halikutufaa kwa sababu tulitaka kusimama njiani popote panapotupendeza. Ndipo tukakodi gari na dereva wake: shilingi 30,000 kwa siku tatu, mafuta juu yetu, arubuni nusu.

Gari tuliloonyeshwa kwenye picha silo lililokuja. Hilo lililokuja lilifika saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili, kiyoyozi kinapuliza vumbi, na kiti kimoja cha kukunja kimefungwa kwa kamba. Nikapiga simu ofisini. "Lile lingine liko gereji, dada, lakini hili ndilo zuri zaidi." Mjomba akataka turudishiwe pesa, kila mtu arudi kwake.

Aliyeokoa safari ni dereva, kijana wa Kigiriama. Alishuka, akamwamkia bibi shikamoo kabla ya kusema na mtu mwingine yeyote, kisha akatoa kreti tupu ya soda, akaipindua na kuiweka mlangoni iwe ngazi. Bibi magoti hayamsaidii, na kubebwa hataki hata kusikia. Akapanda mwenyewe, pole pole, buibui ameliinua kwa mkono mmoja. Siku zote tatu, kila tuliposimama, kreti ilitangulia kushuka na hakuna aliyemkumbusha.

Foleni ya Mtwapa mnaijua. Ukishapita mashamba ya mkonge ya Vipingo ndipo unaanza kupumua. Kilifi tulinunua korosho dirishani, na tulipoanza kuvuka daraja bibi akatuhadithia habari za feri, kwa sababu daraja hilo lilifunguliwa 1991 tu. Zamani, anasema, ukikuta feri imekwenda ng'ambo unakaa unakula korosho mpaka irudi, na ukiwa na bahati unapata na mchumba. Mjomba akajifanya anatazama bahari.

Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, ndiko tulikokaa zaidi, saa mbili na ushei, na dereva hakutazama saa hata mara moja. Kama hujafika tangu safari za shule, rudi ukiwa mtu mzima. Mwaka 2024 mji ule uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini ukiwa ndani unajiona tu kama umeingia mtaa ambao wenyewe wametoka: misikiti, nyumba zilizobanana, vyoo, visima, na mibuyu imeota palipokuwa pa watu. Kuna kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399. Bibi alilisomea Fatiha. Halafu akauliza waliondoka kwa nini. Mwongozaji akataja vita, akataja na maji ya visima kushuka. Bibi akainama juu ya kisima kimoja kirefu, akakaa kimya, akasema, "Maji yakiondoka, wewe unabakia na nani?" Nyuma yetu kima alikuwa ameshampora mpwa wangu ndizi. Chakula kiacheni garini.

Malindi tulifikia Shella, kwa mama mkubwa. Jamaa wa Lamu walikuwa wameshatangulia, na dada yake bibi yuko barazani anaita kwa Kiamu chake, "Ndoo, ndoo!" yaani njoo, hata kreti haijagusa chini. Ya mle ndani ni yetu, ila samaki wa kupaka wa siku ile sijamla tena.

Siku ya pili ofisi ikaniudhi tena. Tulitaka kwenda Marafa, na ujumbe wao wenyewe ulisema "Malindi na viunga vyake". Wakadai Marafa si kiunga, tuongeze 3,000. Nikatoa, nimekasirika. Sasa naona ningetoa hata zaidi, lakini msiwaambie. Nendeni alasiri jua likishapoa. Bonde lile wenyewe wanaliita Nyari, mchanga umekatwakatwa na mvua ukabaki minara myekundu, myeupe na ya rangi ya machungwa. Dereva ndiye aliyewapa watoto kisa chake: palikuwa na watu matajiri waliokuwa wakioga maziwa hali jirani zao wana njaa, Mungu akawadidimiza ardhini. Alikisimulia bila haraka kama alivyokisikia kwao, watoto wakaacha simu.

Nguzo ya Vasco da Gama ni dakika kumi, piga picha uende zako. Jamaa alifika 1498, akapewa rubani, akaendelea na safari yake. Mto Sabaki ulikuwa umejaa wiki ile, na bibi alipoona maji yalivyo akasema bahari ya Malindi imetiwa majani ya chai.

Tuliporudi nilidai nipunguziwe kwa sababu ya kiyoyozi. Hadi leo ofisi "inaangalia". Mkikodi, nendeni mkalione gari kwa macho siku moja kabla, muwashe kila kitu, na mtaje kila mahali kwa jina kwenye makubaliano, Marafa ikiwemo.

Namba ya dereva ninayo. Idi tunakwenda Mokowe, kisha boti hadi Lamu, na safari hii atakuja na gari la binamu yake. Nimemuuliza maswali mawili tu: kiyoyozi na kreti. Kiyoyozi, anasema, hakipo kabisa.