Fundi viatu wa soko la Kenya anayejua kushusha talo

Fundi huyu anakaa karibu na soko la Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile nchi), upande wa kuelekea Kamalondo, chini ya turubai la bluu. Anashona mabegi, anabandika soli, anafanya yote ambayo mafundi viatu wa Lubumbashi wanafanya, lakini ninaandika kwa ajili ya kazi yake moja: anajua kushusha talo, yaani kile kisigino kirefu cha kiatu. Mwanamke yeyote anayelazimika kuvaa viatu virefu kazini anapaswa kumjua.

Mafundi wengi hukata ncha ya talo, wanarudisha kipira, basi. Unavaa, unahisi kiatu kinakuvuta nyuma, na haipiti muda talo inalegea. Huyu kwanza anaviweka viatu vyote viwili mezani, anavitazama kwa upande, anapima talo mbele na nyuma kwa rula ya chuma. Vyangu vilikuwa vya sentimita tisa. Nikamwomba avishushe mpaka tano. Akakataa.

"Mama, ndani ya soli humu kuna bamba la chuma. Kiwandani walilikunja kwa urefu huu huu. Nikitoa nne, mbele kutainuka, uzito wako wote utalala nyuma, talo itavunjika. Mimi natoa mbili. Ukitaka cha tano, nunua cha tano."

Fundi anayekataa pesa namna hiyo mimi namwamini.

Anakata kwa mshazari kidogo ili talo ikae bapa sakafuni, anasugua kwa msasa, kisha anaweka kipira anachokikata mwenyewe mahali pa ile ncha ngumu ya plastiki ya kiwandani. Masika yakianza na vigae vya mlangoni vikilowa, hapo ndipo utaona thamani ya kile kipira. Halafu kuna pua ya kiatu. Aliishika kwa vidole akasema hii ndiyo inayokuua, hata kuliko talo. Akailowesha ngozi, akaingiza kalibu ya mbao, akaiacha ilale humo usiku kucha. Kesho yake vidole vyangu vilikuwa na nafasi. Kwa viatu vya skai, yaani ngozi ya bandia, hakubali kufanya hivyo. Anakwambia wazi kwamba skai haitanuki, inapasuka. Mwisho alinibandikia kipande cha sifongo ngumu chini ya wayo, nyuma kidogo ya mizizi ya vidole, pale panapobeba uzito wote.

Mtu atasema sentimita mbili ni kitu gani. Nakaa mapokezi katika kampuni moja ya mjini, na nikisema nakaa, maana yake nasimama. Amri ya kazi imebandikwa ukutani: wanawake wa mbele, viatu vya talo, wanaume, viatu vyeusi vilivyofungika. Mwanzo ilikuwa moto chini ya vidole. Kisha magoti kwenye ngazi. Kilichonishangaza zaidi ni Jumapili: nikivaa kandambili, shavu la mguu linauma kuliko siku ya kazi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenipokea alinieleza kwa nini. Mguu ukizoea kusimama juu, misuli ya shavu inafupika na kano ya kisigino inakakamaa, kwa hiyo kukanyaga chini kabisa ni kuivuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapima wanawake waliozoea talo ukakuta hivyo hivyo: nyuzi za misuli fupi zaidi, kano nene na ngumu zaidi.

Kuhusu magoti, Casey Kerrigan na wenzake wa Marekani waliandika katika jarida la Lancet mwaka 1998. Waliwapima wanawake 20 wakitembea, na mzigo katika upande wa ndani wa goti ulipanda kwa asilimia 23 walipovaa talo. Walipima mzigo, hawakupima ugonjwa, na ni haki kulisema hilo. Mwaka 2001 wakapima talo nene, hizi ambazo wauzaji wetu wanatuambia ni salama. Goti lilibeba mzigo ule ule mkubwa. Talo nene inakusaidia usianguke, lakini goti haliokoi.

Bili ya mazoezi niliipeleka kwa mutueli yetu ya afya ya kazini, yaani mfuko wa kulipiana matibabu, ambao unanikata mshahara kila mwezi. Nilijibiwa: "Mama, hii ni ya kujitakia. Nani alikulazimisha?" Jibu hilo lilitolewa katika jengo lile lile lenye ile karatasi ukutani.

Hofu yao naielewa. Mfuko ni mdogo. Unalipa malaria ya watoto, unalipa upasuaji wa wazazi, na kila mwaka kabla ya Desemba tunaanza kusikia kwamba unakauka. Wangeniambia pesa hazitoshi, ningeinama nikaondoka. Lakini neno kujitakia likishaingia kwenye daftari la mfuko, litamkuta kila mtu. Mwenzetu aliyeanguka na pikipiki usiku akitoka kunywa alilipiwa mguu, na nilifurahi. Mzee wetu mwenye jongo analipiwa dawa, na nyama na bia anajua vizuri zinamfanyia nini. Vijana wanaovunjana miguu kwenye mpira wa Jumapili hawaulizwi nani aliwatuma uwanjani. Kwa nini swali hilo linaanza kwa viatu vya mwanamke? Hata ningevaa kwa ajili ya urembo tu, kwa ndoa ya Jumamosi, maana hapa kwetu watu wanapenda kuvaa na mimi napenda, bado goti linalouma ni goti linalouma.

Nchi zenye pesa pia zinavutana juu ya hili. Mwaka 2016, Uingereza, ambako matibabu yanalipwa kwa kodi, mamlaka ya afya ya Vale of York ilitangaza mpango wa kuchelewesha upasuaji usio wa dharura kwa wavuta sigara na watu wanene sana, na makelele yakawa makubwa. Lakini Uingereza hiyo hiyo ndiko Nicola Thorp alikorudishwa nyumbani mwaka 2015, siku ya kwanza ya kazi ya mapokezi London, kwa kuwa amevaa viatu vya chini. Ombi lake kwa bunge lilitiwa saini na watu zaidi ya 150,000. Ufilipino walichukua njia fupi: mwaka 2017 Wizara ya Kazi ilikataza waajiri kuwalazimisha wanawake kuvaa talo. Kwetu Kongo, Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake. Anayeamuru kiatu na anayedaiwa matibabu ni mtu mmoja. Basi aifute ile amri, atapunguza bili zake mwenyewe.

Wakati tunangoja, kuna fundi. Kushusha talo, vipira na kutanua pua, vyote pamoja nililipa franka 10,000, chini ya nusu ya bei ya kikao kimoja cha mazoezi. Ningekuwa na sauti katika kamati ya mutueli, ningesema kila mwanamke wa mapokezi alipiwe kazi hii mwanzo wa mwaka, kabla goti halijaanza kusema.

Kasoro zake zipo. Akikwambia kesho, hesabu keshokutwa. Rangi anayopaka kwenye mkato haiendani sawasawa na kahawia. Kwa nyeusi hutaona kitu. Na hatoi risiti, jambo linaloniudhi kweli, maana bila karatasi hakuna mfuko utakaosikiliza hoja yangu. Vitabu vya risiti vinauzwa hapo hapo sokoni, nimemwambia, naye ameahidi.

Ukienda, nenda asubuhi, peleka viatu vyote viwili hata kama kilichoharibika ni kimoja, na uvivae mbele yake kabla ya kulipa. Atakwambia utembee mpaka kwenye kibanda cha muuza vocha na kurudi. Tembea kweli, usione haya; akiona talo inayumba anaichukua tena bila kukudai zaidi.