Niliinunua inionyeshe samaki, ikaniokolea nyavu

Mashine yangu ya kwanza ya kutafutia samaki majini niliuziwa Mwanza na kijana wa vifaa vya boti. Haikuwa na jina la kueleweka, ila kioo chake kilichora visamaki vya katuni, vikubwa kwa vidogo, kila kimoja na mita zake. Usiku wa kwanza vijana wangu walishangilia kama mpira umeingia golini. Tukamwaga nyavu palepale. Alfajiri tukavuta majani yaliyooza na sangara wawili wa kutia aibu.

Baadaye ndipo nikaelewa. Mashine hizi hutuma sauti chini na kusikiliza mwangwi, na kwa samaki kinachorudisha mwangwi mkubwa si mnofu, ni bondo, ule mfuko ulio tumboni mwake, kwa sababu lina hewa. (Bondo lilelile wanunuzi wanalogombania mwaloni. Kumbe hata mashine inalipenda.) Lakini povu la injini nalo ni hewa, na majani yanayooza yana hewa pia. Kwa hiyo cha kwanza ukiwasha mashine yoyote, zima hivyo visamaki. Jifunze kusoma pinde: samaki anapoingia kwenye wigo wa sauti yuko mbali kidogo, akiwa chini ya boti yuko karibu, akitoka anakuwa mbali tena, ndiyo maana mchoro wake hujikunja. Kama yeye katulia na wewe umetulia, utaona mstari mrefu tu.

Ya pili nilichukua Garmin Striker 4. Kioo cha rangi cha inchi 3.5, ina GPS, haina ramani. Sikutaka kubwa zaidi kwa sababu ziwa letu, Victoria, si refu kwenda chini, sehemu yenye kina kikubwa ni kama mita 80. Wenzetu wa Kigoma, wenye mita zaidi ya 1,400 za Tanganyika, hesabu yao ni nyingine.

Kilichonilipa kwanza ni sakafu ya ziwa. Kwenye mwamba, mstari wa chini unakuwa mnene na mkali, mara nyingine unajirudia tena chini yake kama kivuli. Kwenye tope unafifia. Zamani nilikuwa nashona nyavu kila wiki, au naziacha hukohuko kwenye mawe. Sasa kabla ya kutega tunapita taratibu juu ya njia yote, nahodha akiona mstari umekaza anasogea.

Pili ni alama za GPS. Naweka moja kila mwisho wa nyavu, kwa hiyo boya langu siku hizi ni dogo na halina taa. Mimi nalifikia gizani kwa namba, mwizi alitafute kwa macho yake. Mkondo ukizivuta, alama inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Na mpaka wetu na Uganda majini ni latitudo ya digrii 1 kusini, kwa hiyo hata bila ramani, namba ikianza kushuka kuelekea S 01°00' tunageuza. Safari moja ya kukamatwa ni ghali kuliko mashine.

Ila soma namba vizuri. Jamaa alinitumia kutoka kwenye simu sehemu ya mawe yenye sangara, 1.45. Nikaingiza 1°45'. Mashine ikasema tumefika, na kisiwa cha Ukara bado kimetukaa mgongoni! 1.45 ya simu ni digrii kwa desimali, si digrii na dakika, yaani ni 1°27', kama kilomita 33 mbele. Mafuta yale sitayasahau.

Kufunga pia nilikosea. Ile sehemu inayokaa majini, sisi tunaiita jicho, niliifunga jirani na propela. Tukiongeza mwendo, kioo kizima povu. Nikaihamishia kwenye ubao ubavuni mwa boti, una kamba ya kuunyanyulia tunapovuta boti mchangani. Umeme natumia betri ya pikipiki ya volti 12, usiku mzima inatosha, mradi taa zisichomekwe humo.

Kioo ni kidogo, nahodha wangu ana macho ya mzee na inabidi ainame, jua la saa sita analikinga kwa kofia. Na sangara? Sidhani kama wameongezeka sana. Wanaongezeka kidogo ile miezi maji yanapojigawa tabaka, ya chini yakakosa hewa, samaki wakakaa juu yake. Kwenye kioo tabaka hilo huonekana kama ukungu mwembamba, nasi tunapandisha nyavu. Upepo wa Juni na Julai ukivuruga maji, ukungu unatoweka.

Pamoja na usafiri ilinifikia kwa laki tano na kidogo, na zilirudi kwenye nyavu peke yake. Ile ya visamaki bado iko kambini. Wawili wamekuja kuiulizia, sijapata moyo wa kumuuzia mtu.