Majaribio ya dawa za korosho Naliendele: ingieni pamoja

Kwa kampuni inayotaka kujua kama dawa yake ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga unaoshambulia mikorosho, inafanya kazi kusini mwa Tanzania, TARI Naliendele, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndiyo huduma ya kuanzia. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ushauri wetu ni mmoja: msiende kila mmoja kivyake.

Wengi hudhani washindani hukutana kwenye utafiti ili kugawana gharama. Ni kweli, maana mkorosho huchanua mara moja kwa mwaka, na jaribio likiharibika Julai unangoja mwaka mzima (ndipo nyota ya tano ilipopotelea). Lakini kinachowasukuma zaidi ni kuvuja kwa maarifa. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ungali majanini. Upepo ukiamka, unga unatua kwenye mikorosho ya jirani, naye anavuna bila kulipa. Utafiti uko hivyohivyo. Ukigundua kwamba mizunguko minne ya kupuliza inatosha badala ya mitano, msimu ujao maduka ya pembejeo Masasi na Newala yote yanajua. Wachumi d'Aspremont na Jacquemin walilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1988: uvujaji ukiwa mkubwa, kampuni zinazoshirikiana huwekeza zaidi kwenye utafiti kuliko zikitengana.

Shambani, salfa huwekwa gramu 250 kwa mti kila siku 14, dawa ya maji kila siku 21, na miti mingine huachwa bila dawa kabisa. Acheni miti ya kukinga kati ya kipande na kipande. Wengi huibana ili kuokoa eneo, salfa inaingia kwenye miti ya kulinganishia, na dawa nzuri inaonekana haina nguvu. Mzunguko wa kwanza uanze maua yakichomoza; ukingoja weupe utande, umechelewa.

Andikianeni mapema takwimu ni za nani. Bei na kugawana maeneo ya kuuzia msiviguse, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza. Igeni SEMATECH ya Marekani, ushirika wa utafiti wa kampuni za chipu za kompyuta: ulioanza 1987 na kampuni 14, ulishughulikia mashine na mbinu za kutengenezea chipu. Chipu za kuuza kila kampuni ilibuni zake.

Kampuni isiyo na bwana shamba wake haitafaidi. Itapewa ripoti, na hakuna atakayeelewa kwa nini mzunguko wa tatu ulishindwa.