TAHADHARI: Kifurushi cha amplifaya ya hedifoni chenye valvu ya 12AU7 ya kughushi na adapta ya hatari

Wadau wa kujitengenezea vyombo vya sauti, kuna kifurushi cha amplifaya ya mseto (inayochanganya valvu na transista) kinachotangazwa kwa picha ya valvu, yaani kile kibomba cha kioo cha kukuza sauti, inayowaka rangi ya chungwa juu ya bodi nyeusi. Msikilipie kabla ya kusoma haya. Mimi nimekinunua, nimekiunga kwa mikono yangu, na kimeniachia valvu iliyoungua na adapta ambayo ingeweza kuniua. Jina la duka silitaji kwa sababu halikusaidii: tangu nilipe limebadilishwa mara mbili, na picha ni zile zile.

Tangazo liliahidi valvu halisi ya 12AU7, mpya, iliyokaa ghalani miaka mingi, mosfeti (aina ya transista) mbili za IRF510, kapasita (vihifadhi chaji ya umeme) za daraja la juu, na adapta ya volti 12 "salama hata kwa mtoto".

Mradi wenyewe ni mzuri, na ndiyo maana naumia. Valvu kama hii kwa kawaida hulishwa volti 100 hadi 250, umeme wa kuogopwa. Kwenye amplifaya ya mseto inapewa volti 12 au 24 tu. Yenyewe inashughulikia ishara ya sauti, kisha mosfeti ndiyo inabeba mkondo wa kusukuma hedifoni. Kwa kuwa volti ni ndogo, wanunuzi wengi ni watu wanaoshika solda kwa mara ya kwanza au ya pili, na mtu wa namna hiyo kitu kikiharibika hujishuku yeye kwanza. Muuzaji huyu anategemea hilo.

Nilipowasha, kioo kilimulika mwanga mweupe mkali chini ya sekunde moja, kisha ukabaki mwanga wa chungwa uliotulia. Nikafikiri valvu inapata moto. Masikioni hakuna kitu, pande zote mbili. Nilikaa jioni tatu nikiyeyusha upya kila solda na kukagua kila rezista kwa rangi zake. Jioni ya tatu nikaichomoa valvu kwenye soketi huku umeme umewaka, na ule mwanga wa chungwa ukabaki pale pale, unatoka kwenye tundu la katikati ya soketi. Wameweka taa ndogo ya LED chini yake! Valvu ilikuwa imekufa tangu ule mmuliko wa kwanza, na LED ikawa inanidanganya kwamba iko hai.

Sababu ya kufa niliipata kwa mita ya kupimia umeme. Ndani ya 12AU7 kuna filamenti (nyuzi za kupasha moto) mbili zilizoungwa mfululizo kati ya pini ya 4 na ya 5, na pini ya 9 ni katikati yake. Ukiipa volti 12.6 kwenye 4 na 5 inavuta miliampea 150. Sasa zipo valvu za umbo hilo hilo, kwa mfano 6N1P na 6N2P, ambazo filamenti yake ni ya volti 6.3 na pini ya 9 ni ya kingio tu, haigusani na filamenti. Ukifuta maandishi ya valvu kama hiyo, ukaandika 12AU7, ukaichomeka kwenye volti 12, inaungua. Yangu haikuwa na mawasiliano yoyote kati ya 9 na 4, wala 9 na 5. Nikaagiza ya pili ili nihakikishe, nikaipima kabla ya kuichomeka: 4 na 5 zinasoma, 9 kimya kabisa.

Kwa hiyo pima kabla ya kuwasha. Kwenye 12AU7 halisi, 9 kwenda 4 na 9 kwenda 5 zisome karibu sawa, na 4 kwenda 5 iwe jumla yake. Usishangae namba ikiwa ndogo kuliko omu 84 unazopata kwa hesabu, kwani filamenti baridi ina ukinzani mdogo sana. Na usihukumu kwa maandishi kufutika kwa kidole. Valvu nyingi za zamani zilizo halali hufutika hivyo hivyo.

Kapasita za kutokea hedifoni, zinazozuia umeme wa DC (usiobadili mwelekeo) usifike kwenye hedifoni, ziliandikwa mikrofaradi 1000. Niliipasua moja: ndani ya lile ganda kubwa mlikuwa na kapasita ndogo kama punje ya haragwe, nafasi iliyobaki ni hewa. Kabla ya kuvaa hedifoni yoyote, weka rezista ya omu 33 mahali pake, washa, subiri dakika moja, pima volti za DC. Ukiona zaidi ya milivolti 50, usivae.

Adapta ndiyo iliyonifanya niandike leo badala ya kusubiri. Kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti 12, njia za shaba zimeachana kwa milimita moja hivi. Adapta iliyotengenezwa kwa uangalifu huacha takriban milimita 6. Unyevu kidogo tu, au kapasita moja mbovu, na umeme wa ukutani unafuata waya wa hedifoni hadi masikioni mwako. Volti 12 iliyoandikwa juu ya ganda haikulindi na hilo. Msiifungue kuikagua, kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Iwekeni kando, mtumie adapta ya kampuni mnayoiamini au betri.

Nilipomwandikia muuzaji alijibu mara moja: "Umeunganisha vibaya." Nikatuma video ya mita kwenye pini ya 9. Akanizuia.

Kama unacho tayari, usikitupe. Piga picha ya valvu, ya LED chini ya soketi na ya vipimo, kisha fungua dai la kurudishiwa pesa kabla muda wa ulinzi wa mnunuzi haujaisha. Akikuomba usubiri "siku chache mtaalamu akague", kataa. Mimi nilisubiri siku tisa, na dirisha la madai likafungwa siku ya nane.